Nyimbo nilizozijua kwa kopi kabla ya kusikia rekodi ya kwanza: je, sikio langu limekwisha kuharibika?

Msikivu ameandika:

Salaam wanajukwaa. Kuna jambo limekuwa likinisumbua, na ningependa kusikia maoni ya watu wanaosikiliza muziki kwa makini kuliko mimi. Nyimbo nyingi ninazozipenda nimekuja kugundua, tena baada ya miaka mingi, kwamba aliyeniimbia siye aliyeziimba mwanzo. Nilizijua kwa marudio, au kwa kopi kama watu wa bendi wanavyosema, na kila nilipoitafuta rekodi ya kwanza niliishia kuiona pungufu, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoigiza, na kuigiza vibaya.

Nitoe mfano mmoja tu. Wimbo wa I Will Always Love You niliujua kwa sauti ya Whitney Houston, katika ile rekodi ya 1992 iliyotoka pamoja na filamu ya The Bodyguard. Juma lililopita ndipo niliposikiliza kwa mara ya kwanza rekodi ya Dolly Parton, ambaye ndiye aliyeutunga na kuutoa mwaka 1974. Gitaa lilianza taratibu, sauti nyepesi ikaingia bila haraka, nami nikawa nangoja. Mnaoijua rekodi ya Houston mtakumbuka kwamba karibu na mwisho kuna kimya kifupi, kisha pigo moja zito la ngoma, halafu wimbo mzima unapandishwa juu kwa kishindo. Pigo hilo nililingoja tangu ubeti wa kwanza. Wimbo ukamalizika kabla ya dakika 3 kutimia na pigo halikuja. Nilipojiuliza nimesikia nini, sikuweza kutaja chochote isipokuwa kutokuwepo kwa ngoma ile.

Ninachouliza ni hiki. Je, mtu akishauzoea wimbo kwa kopi, bado anaweza kuisikia rekodi ya kwanza kwa haki, au nafasi hiyo huwa imeshapita? Na je, kuipenda kopi zaidi ni kumkosea heshima mtunzi? Swali hili la pili naliona la kitoto kidogo, lakini ndilo linalonirudia zaidi, kwa hiyo nimeona nisilifiche.

Fundi wa Besi amejibu:

Ndugu Msikivu, sikio lako halijaharibika. Limefanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Watu hudhani kwamba tunachokumbuka katika wimbo ni mahadhi na maneno, na kwamba mengine yote ni mapambo yanayoweza kubadilishwa bila sisi kutambua. Sivyo ilivyo. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Daniel Levitin alichapisha utafiti ambamo watu 46 waliombwa waimbe kwa kumbukumbu nyimbo mbili maarufu, kisha sauti zao zikalinganishwa na rekodi zenyewe. Asilimia 40 waliianza angalau moja ya nyimbo hizo katika sauti ileile iliyomo kwenye rekodi, na asilimia 44 hawakuikosa kwa zaidi ya nusu-toni mbili (nusu-toni ni hatua ndogo kutoka sauti moja hadi inayoifuata) katika nyimbo zote mbili. Miaka miwili baadaye yeye na Perry Cook waliangalia kasi, wakakuta kwamba wengi wa waimbaji hao hawakupishana na kasi ya rekodi kwa zaidi ya asilimia 8. Kwa hiyo ulichohifadhi kichwani ni zaidi ya wimbo: umehifadhi rekodi moja, pamoja na ufunguo wake, mwendo wake, mahali mwimbaji anapovuta pumzi, na hilo pigo la ngoma. Rekodi nyingine inapopita, kumbukumbu yako inatangulia mbele na kutangaza kinachofuata, na kila kisipofuata unahisi kwamba mtu amekosea.

Sisi wa bendi tunayajua haya kwa aibu. Siku moja tulikuwa katika mazoezi ya Respect, na hatukuandikiana mpangilio wowote kwa sababu kila mmoja alidai kwamba anaujua. Mpiga gitaa wetu alikuwa amejifunza kwa Otis Redding, aliyeutunga na kuurekodi mwaka 1965, ilhali mwimbaji na sisi wengine tuliujua kwa Aretha Franklin, 1967. Tulienda vizuri kwa muda, kisha mwimbaji akarudi nyuma ya maikrofoni ili kupisha saksafoni, maana katika rekodi ya Franklin hapo pana solo ya King Curtis, inayopigwa juu ya kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilizoazimwa kutoka wimbo mwingine kabisa, When Something Is Wrong with My Baby wa Sam & Dave. Mpiga gitaa hakuwa na habari ya kipande hicho cha kati. Aliendelea kuchapa kodi zake, akainua macho, akakuta anatazamwa na watu wanne. Tulipoanza upya, mwimbaji alifika mahali pa kulitaja neno lenyewe herufi kwa herufi, sote tukasimamisha ala kumpisha, na gitaa likabaki peke yake njiani likikimbia. Herufi hizo Redding hakuzitaja. Ni Franklin aliyeziongeza. Nusu saa ilipotea kwa ubishi wa nani anaujua wimbo kama ulivyo, na wote wawili walikuwa sahihi.

Kuhusu namna ya kusikiliza, kosa ambalo nadhani umelifanya ni kuiendea rekodi ya Parton ukiwa umetoka moja kwa moja kwa Houston, iwe kwa spika au kwa kumbukumbu. Kaa siku kadhaa bila kuisikiliza kabisa ile uliyoizoea. Kisha isikilize ya kwanza mara tatu au nne kwa siku tofauti, bila kuifanyia mtihani, ukiwa unafanya shughuli nyingine. Robert Zajonc alionyesha tangu 1968 kwamba kitu kinaweza kutupendeza kwa sababu tu tumekutana nacho mara nyingi. Kopi unayoipenda imefaidika na jambo hilo kwa miaka, na rekodi ya kwanza umeipa mara moja tu. Ukishaizoea kidogo, fuata ala moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi hufuata besi, lakini hilo ni kwa sababu ya kazi yangu, na wewe unaweza kufuata yoyote ile mradi isiwe sauti ya mwimbaji, maana sauti ndiyo inayokurudisha kwenye ulinganishi.

Karani wa Santuri amejibu:

Ninakubaliana na Fundi kuhusu sikio. Hata hivyo naona katika swali kuna maneno mawili yaliyopita bila kukaguliwa, nayo ni "ya kwanza". Ya kwanza kutungwa, ya kwanza kuingizwa studio, au ya kwanza kujulikana na watu? Nimekusanya santuri kwa muda mrefu, na mambo haya matatu nimeyakuta mahali pamoja mara chache kuliko nilivyotarajia nilipoanza.

Chukueni Killing Me Softly. Kuna kizazi kilichoujua kwa kundi la Fugees, 1996. Kijana wa kizazi hicho akimwendea mtu mzima kwa furaha, huambiwa kwamba wimbo ni wa Roberta Flack, 1973, na mtu mzima huyo hujisikia amefunga mjadala. Hajaufunga. Flack mwenyewe aliusikia ndani ya ndege, katika muziki unaowekewa abiria, na aliyekuwa akiuimba ni Lori Lieberman, ambaye rekodi yake ilitoka mwaka 1972. Tena Lieberman naye hatajwi kuwa mtunzi, kwani majina yaliyoandikwa kwenye santuri ni ya Charles Fox na Norman Gimbel. Sasa ukitaka kwenda kwenye chanzo, utaenda kwa nani? Kwa Lieberman utapata sauti ya kwanza, kwa Fox na Gimbel utapata karatasi, na kwa Flack utapata mpangilio ambao Fugees waliusikia na kuujengea wao.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao unapaswa kumfariji Msikivu, ni wa UB40, kundi la rege la Uingereza. Mwaka 1983 walitoa albamu nzima ya nyimbo za watu wengine walizokuwa wakizipenda, na mojawapo ilikuwa Red Red Wine. Wao waliujua kwa Tony Tribe, aliyeuimba kwa mtindo wa rege mwaka 1969. Kwenye lebo ya santuri mtunzi aliandikwa N. Diamond, nao wakaamini kwamba huyo ni Mjamaika anayeitwa Negus Diamond. Alikuwa Neil Diamond, Mmarekani, ambaye aliurekodi mwaka 1967 akiwa na gitaa lake na huzuni yake, bila chembe ya rege. Kwa hiyo kopi iliyouzwa kuliko zote ilirekodiwa na watu waliokuwa katika hali yako hasa: waliijua kopi, hawakumjua mwenyewe, na waliinakili kopi kwa upendo. Kila nikiitoa santuri hiyo kwenye jalada huitazama herufi ile N na nukta yake, nikawaza jinsi nukta moja inavyoweza kumpeleka mtu nchi nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo Fundi hakuligusa, nalo ni kwamba wakati mwingine hata maneno si yaleyale. Hallelujah ya Leonard Cohen ilitoka mwaka 1984 na haikushughulisha watu wengi. Mwaka 1991 John Cale aliiimba katika albamu ya kumtukuza Cohen. Alikuwa ameomba maneno ya wimbo, akatumiwa kwa faksi kurasa nyingi za beti, kwa kuwa Cohen aliandika beti nyingi kupita kiasi na alikuwa akizibadilisha jukwaani. Cale alichukua beti mbili za mwanzo za rekodi ya 1984, akaongeza nyingine ambazo hazikuwa katika rekodi hiyo, na kuweka kinanda peke yake. Jeff Buckley alijifunza kwa Cale, na rekodi yake ya 1994 inafuata beti hizohizo. Mtu aliyeanzia kwa Buckley akirudi kwa Cohen wa 1984 hukuta wimbo unaoachana naye katikati ya njia na kuingia beti asizozijua. Watu wengi hudhani kwamba Cohen ameongeza kitu, wakati yeye alitangulia kwa miaka kumi. Hapo kusema tu kwamba moja ni wimbo na nyingine ni marudio hakutoshi. Tunazo tungo mbili zenye mlango mmoja, na aliyezichagua beti tunazozikumbuka ni Cale.

Wapenzi wa taarab nao wanalijua jambo hili kwa njia yao. Siti binti Saad alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928 na alifariki mwaka 1950. Wengi wetu tulizifahamu nyimbo zake kwa koo la Bi Kidude, aliyeishi hadi 2013. Nilipoisikia sauti ya Siti kutoka kwenye santuri yenye mikwaruzo kama mvua juu ya bati, jambo la kwanza nililofikiri, nakiri, ni kwamba mama huyu anamwiga Bi Kidude.

Mtetezi wa Mtunzi amejibu:

Nimefurahia maelezo ya Mzee Karani, lakini ninaogopa kwamba tukishakubaliana kuwa "ya kwanza" ni neno lenye utelezi, tutateleza nalo hadi mahali ambapo hakuna mtu anayedaiwa chochote. Msikivu ameuliza kama ni kumkosea heshima mtunzi. Mimi ninasema kuipenda kopi hakumkosei mtu, ila kutojali jina la aliyetunga kunaweza kumkosea, kwa sababu katika biashara ya muziki jina ndilo linalofuatwa na fedha.

Sheria zenyewe zimejengwa hivyo. Nchini Marekani, tangu sheria ya hakimiliki ya 1909, wimbo ukishatolewa kwenye rekodi kwa ridhaa ya mwenye haki, mtu mwingine anaruhusiwa kuurekodi kwa sauti yake mradi alipe kiwango kilichowekwa. Anaweza kuupanga upya kwa mtindo wake, lakini hana ruhusa ya kubadilisha mahadhi ya msingi. Malipo hayo huenda kwa mwenye haki ya utunzi, na aliyeuimba mwanzo hapati kitu kama hakuutunga. Ndiyo maana Respect iliyosimuliwa na Fundi ina kinaya kikubwa kuliko cha yule mpiga gitaa: redio za kawaida za Marekani hulipa mirabaha kwa utunzi na hazimlipi mwimbaji kwa kupiga rekodi yake, kwa hiyo kila Franklin alipopigwa redioni, na alipigwa sana, fedha ya utunzi ilikwenda upande wa Redding. Aliyeufanya wimbo ujulikane hadi leo hakupata senti kwa njia hiyo.

Na mfano wa Msikivu mwenyewe unafaa kuangaliwa kwa upande huu. Elvis Presley aliwahi kutaka kuurekodi I Will Always Love You, na Parton alifurahi, hadi meneja wa Presley aliposema kwamba lazima nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo iende kwao. Parton alikataa, na amesimulia mara nyingi kwamba uamuzi huo ulimliza. Miaka kadhaa baadaye rekodi ya Houston ilipokaa nambari moja Marekani kwa majuma 14, haki zilikuwa bado mkononi mwake. Kwa hiyo ndugu Msikivu, kwa habari ya Parton unaweza kulala usingizi. Kila ulipoisikiliza kopi ile, mtunzi hakusahaulika penye malipo.

Solomon Linda hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, yeye na kundi lake la Evening Birds walirekodi Mbube, na haki zake akaziachia kampuni ya santuri kwa malipo madogo sana. Rekodi ilimfikia mwimbaji Pete Seeger nchini Marekani, ambaye alisikia "uyimbube" akaandika "wimoweh", na kundi lake la Weavers likauimba hivyo. Mwaka 1961 kundi la Tokens liliuimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukazunguka dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Ukiisikiliza Mbube yenyewe kwa makini utakuta jambo la kuumiza. Sehemu kubwa ya rekodi ni sauti nzito za waitikiaji na Linda akipaa juu yao bila maneno. Kisha, karibu kabisa na mwisho, anabuni papo hapo kipande kifupi cha mahadhi, anakiimba, na rekodi inakwisha. Kipande hicho ndicho kilichotiliwa yale maneno ya Kiingereza kuhusu simba na msitu. Mahadhi ambayo mamilioni ya watu huyaimba bila kufikiri yalimtoka mtu mmoja katika sekunde chache za kuelekea kufunga.

Nitaje pia Malaika, kwa kuwa hakuna msomaji hapa asiyeujua. Kuna walioupata kwa Miriam Makeba, wengine kwa Boney M, 1981, wengine kwa Angélique Kidjo. Rekodi ya Fadhili William iliwatangulia wote hao, na hata juu yake kuna mzozo wa muda mrefu, kwani Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye mtunzi. Kadiri wimbo unavyosafiri kwa kopi ndivyo inavyokuwa vigumu kurudi na kuuliza. Kwa hiyo mimi nina desturi moja ndogo: nikiupenda wimbo, natafuta majina yaliyo katika mabano chini ya jina la wimbo kabla sijatafuta habari za mwimbaji. Huchukua dakika moja.

Kiitikio amejibu:

Nitakuwa mfupi kuliko wenzangu. Nadhani mnamlea sana Msikivu. Inawezekana kabisa kwamba rekodi ya kwanza haimgusi kwa sababu kopi ni bora, na hakuna haja ya kumpa ratiba ya mazoezi kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Bob Dylan alitoa All Along the Watchtower mwishoni mwa 1967: gitaa, besi, ngoma, na kinanda cha mdomo, imekwisha kwa dakika mbili na nusu. Kabla mwaka haujapita Jimi Hendrix aliirudia kwa magitaa yanayopishana kama radi. Dylan mwenyewe, aliporudi jukwaani, alianza kuupiga kwa namna ya Hendrix, na alikiri hivyo. Mtunzi akishahamia kwenye kopi, mimi sioni kwa nini msikilizaji abaki nyuma akilinda nyumba tupu.

Ninachokipinga ni kopi za aina nyingine, ambazo siku hizi ni nyingi: gitaa moja laini, sauti ya kunong'ona, wimbo wowote wa haraka ukifanywa wa polepole ili uonekane una huzuni. Hizo zinanifanya niikumbuke rekodi ya kwanza kwa uchungu, na mtu aliyezisikia hizo kwanza ndiye ninayemwonea huruma.

Fundi wa Besi amejibu:

Kiitikio, ratiba yangu haikuwa ya kumlazimisha mtu apende. Mtu anaweza kumaliza mazoezi yote na bado akasema Houston ni bora, na atakuwa amesema akiwa amesikia rekodi mbili. Sasa hivi amesikia moja na nusu. Kuhusu kopi za kunong'ona sina la kukupinga.

Msikivu ameandika:

Ninawashukuru nyote, na wewe Kiitikio umo, ingawa nyumba tupu uliyoitaja imenichekesha kuliko ilivyonishawishi. Nimechelewa kurudi kwa sababu niliamua kwanza kufuata ushauri wa Fundi. Kwa siku tisa sikumsikiliza Houston kabisa, na rekodi ya Parton niliiweka mara nne, mara mbili za mwanzo nikiwa ninapanga nguo.

Mara ya tatu ndipo nilipogundua kitu ambacho nina aibu kwamba kilinipita. Ule ubeti wa mwisho, ambamo anayeondoka anamtakia heri anayebaki, Parton hauimbi. Anausema. Anaacha kuimba kabisa, ala zinaendelea chini yake, naye anazungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesimama mlangoni na mkoba wake. Nikaenda kuhakikisha kwa Houston, na kweli ubeti ni uleule: Houston anauimba wote, kisha kinakuja kile kimya, kisha lile pigo. Maana yake ni kwamba mahali nilipokuwa ninangoja ngoma kwa hamu yote ndipo Parton alipokuwa amenyamazisha uimbaji wake ili aseme neno, nami sikulisikia neno kwa sababu nilikuwa ninasikiliza ngoma isiyokuwepo.

Nilisoma pia kwamba wimbo ule aliutunga kumuaga Porter Wagoner, mwimbaji aliyemwajiri katika kipindi chake cha televisheni na kuimba naye kwa miaka, wakati alipoamua kwenda kujitegemea. Mimi nilikuwa nimeuweka moyoni kama wimbo wa wapenzi, tena wa filamu. Nilipousikiliza mara ya nne nikiwa najua kwamba ni mfanyakazi anayemuaga bosi wake bila ugomvi, ule ubeti unaosemwa ulinikaa vingine kabisa, maana ndivyo watu wanavyoagana kazini.

Je, sasa ninaipenda zaidi ya kopi? Hapana, Fundi, sitakudanganya. Jana usiku nilimrudia Houston baada ya mfungo wangu, na pigo lilipokuja nilisisimka kama zamani. Tofauti ni kwamba kabla ya pigo, katika kile kimya kifupi ambacho zamani nilikichukulia kuwa ni maandalizi tu, nilisikia pia nafasi ya yule anayezungumza.

Mtetezi, majina katika mabano nimeanza kuyasoma, na nimekwisha kujikuta na orodha ya nyimbo kumi na moja ambazo mtunzi wake siye niliyemdhani. Leo nimeiweka Mbube. Nimeisikiliza mara mbili na nadhani kile kipande cha mwisho nimekidaka, ila kinapita upesi sana, na mara zote mbili nilikuwa nimeshaanza kukiimba kwa Kiingereza kabla Linda hajakimaliza.